Lori Lililogoma Kwenye Sakitu

Mwanangu Lusajo,

Watu wanaolala nyumba moja hawaandikiani barua, na najua utashangaa ukiikuta hii kwenye sanduku lako, katikati ya mashati. Umekwenda Ilomba kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za njiani. Mimi nimekaa barazani wakati jua halijazama, na kalamu hii mkono wangu umekwisha kuisahau, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Namna ya kutunza nguo, kuhudhuria kanisa, kuchagua watu wa kukaa nao, hayo utayapata kwa mama yako, na ambayo hatakwambia yeye utafundishwa na njaa. Mimi nina habari moja tu. Nimejaribu kukusimulia kwa mdomo tangu siku ulipopata kazi, na kila nikianza naishia kukuuliza kama umekula.

Unakwenda Mufindi kuendesha lori la mashamba ya chai. Ulituambia kwa furaha kwamba ni kuukuu, la wakati wa vita, na kwamba madereva wengine wamelikwepa. Furaha hiyo naijua. Lakini wewe umekulia baridi ya Tukuyu na Mbeya, ukadhani hiyo ndiyo baridi. Mwezi wa sita na wa saba kule juu usiku hushuka sakitu, ukiamka unakuta nyasi nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na maji ya kwenye ndoo yana ngozi ngumu juu yake. Lori kuukuu kwenye baridi ile ni kama mzee. Haliamki kwa kupigiwa kelele.

Mimi nililipigia kelele.

Unajua ulipata kuwa na mdogo wako wa kike, na unajua hakukaa. Wakati ule ulikuwa kwa bibi yako Tukuyu, na tulipokuja kukwambia ulisikiliza, halafu ukatoka nje. Hukuuliza tena. Haikuwa siri, Lusajo. Yalikuwa maneno yaliyokosa mtu wa kuyaanza. Nayaanza mimi.

Tulikaa Chimala miaka ile. Nilikuwa dereva wa tajiri mmoja aliyekuwa akinunua mpunga Usangu na kupeleka mchele Iringa. Lori lenyewe lilitoka vitani, kama mimi. Udereva niliupata jeshini, kule Abisinia, na pamoja na udereva nikapata kufoka, kwa sababu sajini aliyetufundisha hakujua kutenganisha hivyo viwili. Niliporudi nyumbani nilivua nguo za jeshi, lakini sauti ile nilibaki nayo.

Mama yako alipokuwa mzito, dresa wa zahanati ya Chimala alimpima akasema tusingoje uchungu umkute pale. Alikumbuka jinsi ulivyozaliwa wewe, kwa shida kubwa. Akasema, “Mpeleke Iringa mapema, kwenye hospitali yenye daktari. Akae karibu.” Nami nilikuwa na shehena ya mchele ya kwenda huko huko, basi nikaona Mungu ametupangia safari. Tandiboi wangu, msaidizi wa garini, aliumwa homa, nikamwacha. Nikasema nitaweza peke yangu.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kujaza petroli kwenye ghala la tajiri. Pipa lilikuwa limefika chini kabisa. Petroli ya chini ya pipa ina maji, kila dereva anajua, na ndiyo maana tulikuwa na kipande cha ngozi laini cha kuchujia: petroli inapita, maji yanabaki juu. Siku ile ngozi haikuwa mahali pake. Niliitafuta kidogo. Mama yako alikuwa amekwisha kaa mbele ndani ya lori, jua linapanda, nikasema safari moja haiui gari. Nikamimina hivyo hivyo.

Sikulifikiria tena jambo hilo njia nzima. Tulipanda milima polepole, vumbi jekundu likitufunika, mama yako akiwa na khanga puani. Tulipita Makambako alasiri. Jua lilipokuwa linazama tulikuwa tunakaribia Sao Hill, na taa yangu moja ilikuwa imekufa, na ile nyingine inaona kama jicho la mzee. Pale kando ya barabara palikuwa na nyumba ya Mhehe mmoja jina lake Yohana, mkulima, ambaye madereva walizoea kulala kwake. Nikasimamisha.

Mama yako akasema, “Baba Lusajo, mgongo unaniuma tangu Makambako. Twende tu.”

Nikamwambia, “Kwa taa moja? Tutalala, kesho mapema tutakuwa Iringa.”

Hakubishana. Kulala pale hakukuwa kosa, nasema hivyo mpaka leo, maana mteremko wa mbele ungeweza kutuua wote. Nalisema ili ujue kwamba si kila kitu ninachojuta kilikuwa kosa, na si kila kosa nililijua nilipokuwa nikilitenda.

Nikamwaga maji yote ya rejeta chini ili yasigande yakapasua injini. Hilo nililijua. Nililijua vizuri sana, nikajisifu moyoni kwamba mimi ni dereva wa milimani.

Uchungu ulimshika kabla ya alfajiri. Mke wa Yohana, ambaye wote walimwita Mama Yohana kwa jina la mtoto wao aliyerithi jina la baba, alikuwa mkunga wa majirani zake. Alimwangalia mama yako kwa mwanga wa kibatari, akampapasa tumbo, kisha akatoka nje akanifuata nilipokuwa nimesimama.

“Mtoto amelala kwa ubavu,” akasema. “Nimezalisha wengi, lakini huyu siwezi. Washa gari.”

Nje palikuwa peupe. Sijaona tena baridi ya namna ile. Turubai la lori lilikuwa gumu kama ubao, na kitasa cha mlango kilinibandua ngozi ya vidole. Tulimleta mama yako akiwa amefungwa mablanketi, tukamkalisha mbele, Mama Yohana akamshikilia. Nikavuta choki ili injini ipate petroli nyingi, nikapiga stata. Injini ilizunguka mara chache kwa uzito, kama mtu anayekoroga ugali mgumu, halafu ikanyamaza. Nikapiga tena. Betri ikaisha kabisa.

Nikatoa hendeli, nikaanza kuzungusha kwa mkono. Oili ilikuwa imeganda, hendeli haisogei. Yohana akaja akanisaidia, tukazungusha wawili, tukabadilishana, jasho likitutoka na kuwa baridi papo hapo. Mara moja hendeli ikarudi kwa nguvu ikanipiga kifundo cha mkono. Ule uvimbe unaouona mpaka leo, ambao uliwahi kuniuliza nikakwambia ni wa zamani, ulitoka pale.

Nikasema, ni oili. Tukaleta makaa kwenye karai, tukayasukuma chini ya injini mpaka oili ikalainika. Hendeli ikawa nyepesi. Lori halikuwaka. Nikasema, ni plagi. Nikazifungua zote, nikazipasha kwenye makaa, nikazirudisha zikiwa za moto. Zilipotoka zilikuwa kavu kabisa, mwanangu. Tumevuta choki tangu mwanzo, tumezungusha injini mpaka mikono imekufa, na plagi zinatoka kavu. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akajiuliza kwa nini hazijalowa petroli. Mimi nilifurahi kwamba ni kavu. Nikaishikiza moja kwenye chuma, Yohana akazungusha, nikaona cheche nzuri ya buluu. Nikafurahi tena. Nikazungusha tena. Kimya.

Mama yako alikuwa akipiga kelele mwanzoni. Kisha akawa anaumia bila sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Katikati ya maumivu yale, nilipokuwa nimeinamia injini, akaniita.

“Baba Lusajo.”

“Nini?”

“Sisikii harufu ya petroli.”

Alikuwa amekaa kando yangu kwenye lori lile safari nyingi. Aliijua harufu ile inayojaa ndani kila choki ikivutwa sana, ilikuwa ikimtia kichefuchefu tangu alipopata mimba, na asubuhi ile haikuwepo. Aliniambia jambo lenyewe. Petroli haifiki.

Nami nikamjibu kwa ile sauti ya jeshini, mbele ya Yohana na mkewe: “Nyamaza wewe! Hii ni kazi ya mashine!”

Akanyamaza.

Mama Yohana alikuwa amebandika chungu kikubwa cha maji tangu mama yako aliposhikwa, maji ya kumhudumia. Nikakimbia jikoni, nikakibeba nikamimina yote kwenye rejeta, nikidhani injini ikipata joto itaamka. Na pale chini ya lori, karibu na mguu wangu, mrija wa petroli ulikuwa umeziba kwa barafu. Maji ya pipa la Chimala yalikuwa yamekaa kwenye kona ya chini ya mrija, na usiku ule yakaganda. Kitambaa kimoja kilicholoweshwa maji yale ya moto, kikazungushwa pale, kingetosha. Maji nilikuwa nayo mikononi.

Sikujua. Niliendelea kuzungusha hendeli, nikalipiga lori mateke, nikalitukana kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili na kwa maneno ya Kiingereza ya sajini. Mwisho nikakaa chini kwenye sakitu, mkono umevimba, sina la kufanya tena. Yohana akaondoka kwenda barabarani kutazama kama kuna gari lolote linalopita. Hapakuwa na gari.

Jua likatoka. Lilianza kugusa ubavu wa lori, upande ule wa mrija, na matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye turubai. Yohana akarudi akasema, “Dereva, jaribu basi tena.” Nikainuka kwa ajili ya kumridhisha tu. Nikazungusha mara chache, likakohoa, likawaka. Likanguruma vizuri kabisa, kama gari lisilo na ugonjwa wowote. Sikupata kuichukia sauti yoyote duniani kama nilivyoichukia ile.

Mama Yohana alikuja nasi mpaka Iringa, akimshika mama yako njia nzima. Aliacha nyumba yake na kazi zake kwa ajili ya watu aliowaona usiku mmoja. Mama yako hakulia, hakuuliza tumefika wapi, hakunitazama.

Hospitali walimpokea upesi. Daktari alisema mtoto amekwisha kufa tumboni na kwamba atamtoa ili mama apone. Nesi mmoja wa pale, binti mdogo wa Kibena, alitoka kunifariji akasema, “Mngefika alfajiri…” kisha akaona uso wangu, akaliacha neno lake hapo akaenda zake.

Nikiwa nangoja nikarudi kwenye lori, maana sikujua mahali pengine pa kwenda. Pembeni ya pampu kuna kikombe kidogo cha kioo ambamo petroli hupita. Nikakifungua. Chini yake palikuwa na maji, yamejitenga na petroli, safi kabisa. Nikakumbuka ngozi. Nikakumbuka plagi kavu. Nikakumbuka mtu aliyeniambia hakuna harufu. Yote yalikuja kwa mpigo mmoja nikiwa nimeshika kikombe kile, na ndani ya jengo lile walikuwa wakimtoa mtoto wangu.

Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi. Nilimzika siku ile ile kwenye makaburi ya misheni, mimi na mwinjilisti wa pale na Mama Yohana. Mama yako hakumwona. Udongo ulikuwa mgumu, na mkono wangu mmoja haukufanya kazi, ikabidi mwinjilisti achimbe sehemu kubwa. Nilipomaliza nilikwenda kushusha mchele. Karani wa duka alinigombeza kwa kuchelewa, nikamwambia gari lilisumbua. Ndivyo nilivyosema. Gari lilisumbua.

Basi ukiwa Mufindi, lori likikataa asubuhi, usikimbilie kile unachokijua vizuri. Hilo ndilo lililonipata: nilijua oili, nilijua plagi, nikavifanya kwa sababu nilivijua. Injini ya petroli inataka cheche na inataka chakula. Ukiona cheche ipo, liache jambo la cheche, usilirudie kwa hofu. Fungua mrija pale unapoingia kwenye kabureta, zungusha, utazame kama petroli inatoka. Kama haitoki, ufuate mrija kwa mkono kurudi nyuma mpaka kwenye tangi, na mahali pa baridi kuliko pengine papashe kwa kitambaa cha maji ya moto, si kwa makaa, utajichoma wewe na lori. Na uchuje petroli hata bosi akikuambia unachelewa. Hata mtu unayempenda akiwa amekaa anakungoja. Hasa hapo.

Ingekuwa ni hayo tu ningekwambia barabarani, tungemaliza. Maji kwenye petroli yanaweza kumpata yeyote. Lakini mtu mmoja aliona, akanena, nami nikamfunga mdomo kwa sababu yeye ni mwanamke mwenye uchungu na mimi ni dereva. Utakuwa na watu chini yako siku moja, Lusajo, na utakuwa na mke. Sikuambii uwe mpole, maana upole mtu hauokoti njiani. Nakwambia kilichotokea kwangu.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda kumchukua hospitali. Walikuwa wamemwambia hatazaa tena. Nilikuwa nimeosha lori, nimetandika blanketi kwenye kiti cha mbele. Yeye akapita kile kiti, akaenda nyuma, akapanda juu ya magunia matupu.

Nikamfuata nikamsihi. “Mama Lusajo, nyuma kuna vumbi na baridi. Njoo mbele.”

Akasema, “Huko mbele ni kazi ya mashine.”

Hakusema kwa hasira. Tulikwenda hivyo mpaka Chimala, mimi mbele peke yangu, yeye nyuma. Nikawa nasimama mara kwa mara kumtazama, naye ananitazama kama abiria anavyomtazama dereva.

Ilipita miaka kabla sijalisema. Ulikuwa umekwenda shule ya bweni. Alikuwa akichambua maharage, nami nikakaa chini mbele yake nikamwambia kila kitu: kile kikombe cha kioo, maji, mrija, na kwamba yeye alisema kweli na mimi nilimnyamazisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, “Sasa nifanye nini na kweli hiyo?” Akaendelea na maharage yake. Baadaye alinipa chakula kama siku zote, na tumeishi, unatuona, hatugombani. Watu hutusifu kwa utulivu wa nyumba yetu. Mimi najua utulivu huo ulitoka wapi.

Tangu alipoteremka kwenye magunia yale hajapanda tena gari lolote. Tulipohama Chimala kuja Mbeya, vyombo nilivileta kwa lori, yeye akaja kwa miguu na mjomba wako, wakilala njiani kwa watu. Ulipokuwa shuleni ulininunia kwamba mama za wenzako wanakuja kuwaona na wa kwako haji. Nilikwambia ana kazi nyingi shambani. Hakuwa na kazi. Aliogopa mlango wa gari, na aliona aibu wewe ujue.

Kesho atakuaga hapa hapa nyumbani. Usimvute aende nasi mpaka kwenye basi, na usifikiri hakupendi. Mufindi hatafika. Utapata nyumba ya kampuni, utaoa, utazaa, naye atakuwa anasikia habari tu. Kwa hiyo uje wewe, mara kwa mara, hata kwa siku moja. Ukija ukae naye jikoni. Akianza kusema jambo lolote, hata la kuku, mwache aseme mpaka amalize.

Baba yako